Vidole Vinne vya Ziada

Wafiwa wenzangu, majirani, mafundi, walimu wetu, na ninyi mabinti mliovaa sare mlioketi pale nyuma kwa wingi ambao hatukuutarajia, mimi ninayesimama hapa ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, mkata nguo kwa kazi, na ukoo umenipa jukumu la kusoma historia ya dada yangu kwa sababu, wanavyosema wao, mimi ni mtu wa vipimo na tarehe. Naomba mnivumilie, maana karatasi hii niliimaliza Jumapili ikiwa safi kabisa, Jumatatu ikaharibika, jana nimeifuta mara tatu, na hata sasa ninapoishika sina hakika kama aliyeandikwa humu ndiye yule niliyekaa naye chumba kimoja cha kazi kwa miaka ishirini na saba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1966, katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yetu akiwa karani wa bohari la nafaka na mama yetu akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali hiyohiyo. Alichelewa kusema, akatimiza miaka mitatu bila kutamka neno linaloeleweka, wakamwita Kimya, na jina likamganda hata alipoanza kusema, kwa kuwa alisema kidogo na kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mama alipomtuma dukani alimpa karatasi yenye orodha, maana mwenye duka alikuwa hamsikii. Sisi wote tuliomfahamu tulimfahamu hivyo, na mimi nitakuwa muongo nikisema kwamba niliwahi kumsikia dada yangu akipaza sauti, hata siku sindano ya cherehani ilipompita kwenye kidole.

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 katika shule ya msingi iliyopakana na bohari, akamaliza Novemba 1979 akiwa wa nne kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, na Januari 1980 akajiunga na sekondari ya wasichana ya kutwa, ambako alisoma mpaka kidato cha pili, akaishia hapo mwezi Agosti 1981. Katika karatasi ya kwanza niliandika kwamba aliacha shule kwa sababu alipenda ushonaji, kwa kuwa ndivyo nyumbani tulivyosema siku zote, na dada yetu mkubwa bado anataka niisome hivyo. Sentensi hiyo nimeifuta, kwa ruhusa ya mume wa marehemu, na badala yake nasema ninachokijua, ambacho ni kidogo. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa nimekaa mlangoni, dada akaingia mchana kabla ya muda wa kutoka shule, sketi yake nyembamba ya sare ikiwa imechanika ubavuni kutoka kwenye pindo hadi kiunoni, na mguu mmoja ukiwa hauna kiatu. Mama alichukua sindano akaishona ile sketi palepale, na baba aliporudi aliuliza kiatu kiko wapi, na hilo ndilo swali pekee lililoulizwa nyumbani kwetu. Wiki iliyofuata hakurudi shule. Tarehe kamili siijui, mimi ninayejua tarehe zote, na hilo linanichoma.

Kuanzia Februari 1982 alijifunza ushonaji kwa fundi mmoja mama mwenye duka karibu na posta, akahitimu Desemba 1983, akaajiriwa kiwanda cha mashati Machi 1984 kama mshonaji wa kola, na alikaa pale miaka kumi na mitatu, mpaka kiwanda kilipofungwa. Tarehe 12 Mei 1997 mimi na yeye tulifungua chumba chetu cha ufundi, chumba kimoja chenye madirisha mawili, meza yangu ya kukatia upande wa barabara na cherehani zake mbili upande wa ukuta, tukapewa kazi ya sare za shule ya sekondari ya mtaa huu, kazi ambayo tunayo mpaka leo. Alifunga ndoa kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba 1988, na shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, fundi bomba, mtu mwema, ambaye watu walimtania kwamba ameoa mke asiyegombana, naye akajibu kwamba mke wake hugomba kwa macho na macho yake yanatosha. Walijaliwa watoto wawili wa kiume, wa kwanza mwaka 1990, fundi umeme, na wa pili mwaka 1994, muuguzi, wote wapo hapa, na wajukuu watatu.

Hapa ndipo karatasi ya Jumapili ilipokuwa inaelekea kwenye ugonjwa, na ingeisha vizuri, na mngekwenda makaburini kwa wakati. Ila Jumatatu saa nne asubuhi walikuja nyumbani mabinti wa sekondari wapatao thelathini, wakasimama uani kwa mistari miwili, wakamwambia shemeji kwamba wamekuja kutoa pole kwa msiba wa Kocha. Shemeji, kwa macho mekundu ya kilio, akawaambia kwa upole kwamba wamekosea nyumba, Kocha anakaa nyumba ya tatu, akawaelekeza, wakaenda, wakamkuta kocha wa mpira wa miguu mzima kabisa, amekaa barazani kwake anakunywa chai, wakarudi. Yeye naye akaja nyuma yao, amechanganyikiwa kuliko sisi, akitaka kujua ni nani anamtangazia kifo.

Ndipo binti yangu mimi mwenyewe, wa kidato cha tatu, akatoka jikoni na kusimama katikati ya uwanja, akasema Kocha ni shangazi. Nilimwuliza kocha wa nini. Akasema wa kujilinda. Nilimwambia aache mzaha kwenye msiba, naye akaniangalia jinsi watoto wanavyowaangalia wazazi waliochelewa kufika.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na moja na miezi saba dada yangu aliondoka nyumbani kila Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi akisema anakwenda kwenye kikundi cha kinamama cha kufuma vitambaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini nyumba yake haikuwa na kitambaa hata kimoja cha kufumwa. Shemeji anakiri kwamba mwaka 2017 alimwuliza, kwa utani tu, na Jumamosi iliyofuata dada akarudi na kitambaa cha meza cha rangi ya maziwa, kizuri sana, ambacho shemeji alikisifia mbele ya wageni, na juzi tukikigeuza tumekuta karatasi ya bei ya dukani imebandikwa upande wa chini. Mwenzangu, nilimwambia, sisi sote tulikuwa tunaangalia upande wa juu.

Kumbe Jumamosi hizo zote alikuwa kwenye bwalo la shule ya sekondari, pamoja na yule mama mrefu mnayemwona pale, askari magereza mstaafu, ambaye mwaka 2012 alikuja chumbani kwetu kupunguziwa suruali na, anavyosimulia yeye, akaulizwa na dada, kwa sauti ambayo ilibidi ainame kuisikia, kama mwanamke anaweza kufundishwa kumtoka mtu aliyemshika mkono. Afande alimwonyesha palepale, kati ya cherehani mbili, mimi nikiwa nimekwenda kununua vifungo. Mwaka mzima alimfundisha, na Februari 2013 wakaanza na wasichana saba, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu wa wakati ule, na kwa sharti moja la dada, kwamba jina lake lisitajwe popote.

Nimeomba nielezwe kilichokuwa kinafundishwa, nikielewa kwa shida. Nilidhani ni kupigana. Binti yangu anasema Jumamosi ya kwanza hakuna ngumi wala teke, msichana anasimama pembe moja ya bwalo na kusema neno moja, Sitaki, na anarudia mpaka mpishi aliye jikoni, ukuta wa pili, amsikie na kugonga mfuniko wa sufuria, ndipo anapumzika. Kuna waliochukua Jumamosi mbili, kuna mmoja alichukua tano. Na anayeonyesha namna ya kulisema, anasema binti yangu, alikuwa shangazi, na mpishi alikuwa anamsikia mara ya kwanza. Nimekwenda kwa yule mpishi kumwuliza kama ni kweli, maana sikuamini, naye akaniambia kwamba mfuniko wake ulikuwa unagongwa kwa heshima. Baada ya neno hilo wanafundishwa kutafuta mlango kwa macho kila waingiapo mahali, kisha kukimbia, kisha, kama njia imezibwa, kiwiko, kisigino, na kukimbia tena. Somo la mwisho ni kumwambia mtu mzima, na yule mtu mzima asiposikia, kumwambia mwingine, na asiposikia huyo, mwingine tena, na kwamba kosa ni la aliyeshika, siyo la aliyeshikwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonihusu, nalo naomba nivue miwani. Mwezi Machi 2013 dada aliniuliza kama sketi za sare zinaweza kuongezwa upana kidogo. Nilimjibu kwamba mchoro wa shule ni mchoro wa shule, na kwamba msichana anatakiwa atembee, siyo aruke senyenge. Hakuniuliza tena. Kuanzia hapo, majora yangu yakaanza kunishinda. Jora lililokuwa linatoa sketi arobaini likatoa thelathini na sita. Niligombana na muuza vitambaa, nikamwita mwizi mbele ya wateja, nikatupa tepu tatu za kupimia nikidhani zimevutika, na mwaka 2015 nikaenda kupimwa macho. Fundi wa miwani aliniambia macho yangu hayana kasoro, nikamwona hajui kazi, nikaenda kwa mwingine, akaniuzia hii hapa. Miaka tisa nimevaa miwani ambayo inaniumiza kichwa.

Kumbe mimi nilikuwa nachora kwa chaki jioni na kufunga mlango, na dada ndiye aliyekuwa anafungua saa moja asubuhi, anafuta mistari yangu kwa kitambaa chenye maji na kuichora upya vidole vinne nje ya pale nilipochora, mimi nafika saa mbili nachukua mkasi na kukata kwenye mistari yake nikidhani ni yangu. Kisha anashona upana ule ndani ya rinda la upande, ukisimama hulioni, ukikimbia linafunguka. Binti yangu ndiye aliyenionyesha juzi uani, mbele ya watu, aliinua goti mpaka kifuani na sketi haikumbana popote. Sketi elfu kadhaa zimetoka mikononi mwangu na hakuna hata moja iliyokuwa ya kipimo changu, na sijui nicheke au nilie, na nimefanya vyote viwili. Kwa muuza vitambaa, ambaye amekuja kutuzika licha ya yote, naomba radhi hadharani.

Hilo la miwani ningeweza kulibeba. Lisilobebeka ni hili. Tarehe 28 Agosti mwaka huu, msichana mmoja wa kidato cha pili alikwenda kutoa nakala za madaftari kwenye duka la fotokopi linalotazamana na geti la shule, na baadaye mwenye duka akaonekana barabarani ameshika pua inayotoka damu. Alifika kwenye kamati ya wazazi akiwa na bandeji, akasema amepigwa bila sababu na mtoto aliyefundishwa utundu shuleni. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Tulikaa dakika arobaini, tukaandika barua kwamba mafunzo yale yanawafanya wasichana wakorofi, yasimamishwe, na msichana akae nyumbani mpaka kamati iamue kama ataendelea na shule au la. Barua ina tarehe 6 Septemba, ina saini saba, ya tatu ni yangu. Mwalimu wa mazoezi hayo tulimwandika hivyohivyo, mwalimu wa mazoezi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kujua ni nani, na walimu waliojua walimtunzia sharti lake.

Nakala yangu niliiacha juu ya meza ya kukatia. Jumatatu ya tarehe 9 nilimkuta dada amesimama nayo mkononi. Hakusema kuwa ni yeye. Hakunilaumu. Aliniuliza, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Umemuuliza yule mtoto?"

Nilimjibu kwamba hayo ni mambo ya kamati, tuna utaratibu wetu. Aliikunja barua kwa mikunjo yake miwili, akairudisha mahali ilipokuwa, akarudi kwenye cherehani, na Jumamosi iliyofuata hakwenda popote, tukasema anapumzika.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2016, na mwaka 2022 aliambiwa moyo wake umepanuka, akawa anatumia dawa. Alizidiwa tarehe 10 Oktoba, akalazwa wodi namba nne ya hospitali ya wilaya. Alhamisi ya tarehe 17 nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, akafumbua macho, akaniuliza tena, maneno yaleyale, kama nimemuuliza yule mtoto. Nilidhani ni homa inamchanganya, mtoto gani, nikamwita muuguzi aje kumpima joto. Joto lilikuwa la kawaida, hata nilipomwomba apime mara ya pili. Muuguzi akaniambia mgonjwa yuko sawa, na mimi nikamshukuru na kwenda kununua maji. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, na mabinti wananiambia kwamba saa tatu ndiyo saa ambayo bwalo lilikuwa linafunguliwa. Nilimwomba daktari aniambie kweli kama barua ile ilimuua dada yangu. Alinijibu kwamba moyo ule ulikuwa umechoka tangu mwaka juzi. Nimelisikia jibu lake, ila sijui niliweke wapi.

Kuna mengi ambayo bado siyaelewi. Sielewi alitoa wapi sauti ya kumfikia mpishi, na kwa nini hakuitumia kwangu hata mara moja, japo binti yangu anasema shangazi aliwahi kusema kwamba kuna watu ukiwapigia kelele wanaziba masikio, hao unawachorea mstari wakate wenyewe. Sielewi ni wasichana wangapi walitoka salama mahali ambapo wasingetoka, kwa sababu jambo ambalo halikutokea halina urefu wala upana, na mimi sina tepu ya kulipima. Nimewaangalia tu hawa waliokuja, wakubwa wao wana watoto mgongoni, nikawahesabu mpaka mia na kumi nikaishiwa vidole.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa yule muuguzi aliyepima joto mara mbili kwa kunitii. Tunawashukuru majirani waliotoa viti na maji na uvumilivu, mafundi wenzetu waliofunga vyumba vyao leo, Afande aliyefundisha na kunyamaza, mpishi na mfuniko wake, na mzee wetu kocha wa mpira, aliyekubali kufa kwa robo saa bila kinyongo. Tunamshukuru mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati, ambao wapo hapa, na kwao nina neno kabla hatujaondoka. Kamati inakaa keshokutwa Ijumaa kuamua juu ya yule msichana na juu ya bwalo. Saini ya tatu kwenye barua ile naiondoa leo, mbele ya jeneza hili na watu hawa, na Ijumaa nitaiondoa kwa maandishi, na sitatoka kwenye kikao kile mpaka msichana yule amesikilizwa mpaka mwisho na wote saba, na nawaomba wenzangu sita waje wakiwa wamejiandaa kukaa zaidi ya dakika arobaini. Na sare za mwaka mpya nitazichora mimi mwenyewe, kwa chaki yangu na mkono wangu, vidole vinne nje ya mchoro, na shule isipozitaka itafute fundi mwingine.

Nina mstari mmoja umebaki, niliuandika leo asubuhi, nao si wenu. Jana saa kumi jioni nilikwenda na binti yangu mpaka nyumbani kwa yule msichana, nyumba yenye geti la bati karibu na kisima cha mtaa, nikakaa kwenye kigoda, nikauliza, kisha nikanyamaza nikasikiliza mpaka akamaliza. Aliyoniambia ni yake, atayasema Ijumaa akitaka. Nitasema moja tu, kwamba mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa ndani, na kwamba alipoufungua alikimbia mpaka kwao bila kusimama, na alifika na viatu vyote viwili.

Dada, yule mtoto nimemuuliza. Pumzika sasa, kwa amani.